Mama mkwe anatulaza na jiko la mkaa, kila asubuhi naamka na kichwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Chamazi. Wa pili ana siku 24 leo. Naandika nikiwa barazani saa nne asubuhi, ndiyo kichwa kinaanza kuachia. Nikikaa hapa nje mpaka adhuhuri nakuwa mzima kabisa, kama siyo mimi niliyeamka nikishika ukuta.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Rufiji siku ya tatu baada ya mimi kujifungua. Sitaki unielewe vibaya, Shangazi, yule mama ni mtu. Ananikanda asubuhi na jioni, ananipikia uji wa pilipili manga, mtoto anamwogesha yeye, nguo za mkubwa anafua yeye. Mama yangu mzazi ni marehemu, kwa hiyo bila yeye sijui ningekuwa wapi.

Tatizo ni jiko. Mwanzoni alikuwa analiingiza chumbani wakati wa kunikanda tu, tukimaliza analitoa. Julai ilipoingia na huu upepo wa kusi, akasema kizazi changu kitaingia baridi na mtoto atapata kichomi. Sasa kila baada ya isha anawasha mkaa nje, anausubiri mpaka moshi ukatike na mkaa uwe mwekundu mtupu, ndipo anauleta ndani na kuuweka chini ya kitanda upande wa miguuni. Anafunga madirisha, halafu anakunja khanga na kuziba uwazi wa chini ya mlango. Tunalala humo wanne: mimi, kichanga, binti yangu wa miaka 6 na yeye mwenyewe. Jiko linakaa mpaka alfajiri.

Wiki hii ya pili naamka kichwa kinapasuka, nasikia kichefuchefu, magoti hayana nguvu. Mkubwa alitapika Jumanne alfajiri. Mtoto mchanga anasinzia mno, lazima nimfinyefinye ndiyo anyonye. Mama anasema ni baridi ya uzazi imenipanda kichwani, na kila nikilalamika anaongeza mkaa. Yeye mwenyewe kichwa kinamsumbua, anajifunga khanga na kumeza panadol, anasema ni uzee. Mume wangu peke yake ndiye mzima humu ndani. Analala sebuleni kwa sababu ya arobaini, na ndiyo maana haelewi ninachomwambia.

Juzi usiku nilishtuliwa na harufu. Pindo la chandarua lilikuwa limeangukia jiko, limeungua tundu la ukubwa wa sahani. Nikalipiga na kitambaa kibichi cha mtoto likazimika. Asubuhi nikamwambia, “Mama, naomba jiko tulitoe tukilala.” Alilia, Shangazi. Akasema amezaa saba na kuwakalia wazazi wasio na idadi, hajaona jiko limeua mtu, labda nimemchoka. Mchana huohuo wifi akanipigia simu kutoka Temeke kuniuliza kwa nini namfukuza mama yao.

Mume wangu ni bodaboda, mtu mpole, hataki kelele. Anasema nivumilie, arobaini inakaribia, na akipata hela atatafuta hita ya mtumba ya umeme tuachane na mkaa. Siwezi kumlaumu, anahangaika. Anafanya kazi mpaka saa saba usiku, na siku za kuchelewa anatufungia kwa nje ili asituamshe kufungua. Akirudi anaingiza pikipiki ndani, anaiegesha nyuma ya mlango, anafunga grili kwa kufuli mbili na ufunguo anaulalia. Jirani yetu alivunjiwa mwaka jana, tangu hapo hana usingizi.

Swali langu ni dogo. Nimwambieje mama mkwe bila kuvunja adabu?

Mzazi wa Chamazi

*

Marahaba mwanangu, na hongera. Mungu amkuze huyo mtoto.

Swali lako la adabu nitalijibu, lakini litasubiri. Kuna kitu nataka ukifanye leo kabla jua halijazama. Mbebe mtoto kifuani, mchukue na mkubwa, mchukue na mama mkwe, mwende hospitali. Zakhiem ni karibu na kwenu, na kama una njia ya kufika Temeke, nenda Temeke. Mkifika msiseme “kichwa kinauma” mkaishia hapo, maana mtapimwa malaria, mtapewa dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani kwenye jiko lilelile. Semeni hivi: tunalala watu wanne na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, na wote tunaumwa. Sentensi hiyo ndiyo itakayomwonyesha daktari pa kuanzia. Mwambie pia akupime presha. Mwanamke aliyejifungua wiki tatu zilizopita akilalamika kichwa hapuuzwi hata kama jiko halikuwepo, kwa sababu kifafa cha mimba kinaweza kumpata mtu hata wiki kadhaa baada ya kuzaa. Na kichanga kinachosinzia mpaka kifinywe ndiyo kinyonye, hicho hakingoji siku ya kliniki.

Sasa rudi kwenye barua yako uisome kama mtu wa pembeni. Wewe unaumwa. Mkubwa ametapika. Mchanga amelegea. Mama mkwe kajifunga khanga kichwani. Huyo wa sebuleni, asiyelala na jiko, ndiye mzima pekee. Ukikaa barazani mpaka adhuhuri, unapona. Baridi ya uzazi haimpandi binti wa miaka 6, mwanangu, wala bibi wa umri wake. Kilichowapanda wote ni hewa ya mkaa.

Wataalamu wanaiita kaboni monoksaidi. Mkaa ukiwaka huitoa, na haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukamata zile chembe zinazobeba oksijeni, inazishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Matokeo yake unapumua kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Huanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Kisha unakuja usingizi, na ubaya wake uko hapo: mtu aliyelala haamki kusema anaumwa. Kichanga na mzee huelemewa mapema.

Mama mkwe anasubiri moshi ukatike ndipo alete jiko ndani. Anafanya hivyo kwa uangalifu, anaamini moshi ndio wenye madhara. Kumbe ule mkaa mwekundu mtupu, usio na moshi hata kidogo, unaimwaga hewa hiyo kwa wingi, na hakuna kinachokuonya. Kuufunika majivu ili “ukae taratibu” hakuuzuii, unaendelea kuitoa chini ya majivu usiku kucha. Na nikuambie mapema, kabla mtu hajaleta suluhu ya katikati: kuacha dirisha wazi kiasi cha vidole viwili hakutoshi. Jiko likilala, lilale nje.

Akilegea mtu usiku kabla hamjafika hospitali, au ukimkuta haamki vizuri, mtoe nje kwanza, palepale, kisha tafuta usafiri. Usimnyweshe maziwa. Najua jirani atakuja mbio na kikombe. Maziwa hayafiki kwenye damu kuitoa hewa hiyo, na mtu aliyelegea anaweza kuyapalia. Hospitali watampa oksijeni, hiyo ndiyo dawa yake.

Haya, adabu.

Mama mkwe aliposema hajaona jiko limeua mtu, mimi sidhani alikudanganya. Fikiria nyumba aliyozalia yeye Rufiji. Ukuta wa udongo na miti, paa la makuti, na kati ya ukuta na paa kuna mwanya ambao paka anapita. Mlango wa mbao usiokutana vizuri na fremu. Nyumba ile ilikuwa inapumua yenyewe. Ya kwenu Chamazi ni ya tofali, dari la jipsamu, madirisha ya vioo vya aluminiamu, na khanga imeziba chini ya mlango. Jiko ni lilelile, mkono unaoliwasha ni uleule, nyumba ndiyo imebadilika. (Hata kwenye zile za udongo watu walikufa, na ikasemwa wamelogwa. Hilo usimwambie.)

Ndiyo maana wewe ukimwambia “jiko lina hatari”, yeye anasikia “miaka yako yote ya kulea wazazi ilikuwa upuuzi”. Lazima alie. Wewe mwambie habari ya nyumba. “Mama, nyumba za siku hizi zimezibwa, hewa haitoki kama ya kwenu.” Hapo hakuna aliyekosea, aliyekosea ni fundi.

Wala usiyaseme wewe kwanza. Kwetu pwani mkamwana hamfundishi mama mkwe uzazi, na ukijaribu hata ukiwa na haki utaonekana huna. Mwache nesi aseme. Ndiyo sababu nyingine nimetaka mama mkwe aende hospitali na nyinyi, akaketi kwenye benchi, akasikia kwa masikio yake mtu wa koti jeupe anamuuliza, “Bibi, na wewe kichwa kinakuuma?” Kama una somo wako, yule aliyekufunda, na bado ana miguu ya kutembea, mwite naye. Somo anaweza kumwambia mwenzake yale ambayo wewe ukiyatamka ni matusi. Wifi wa Temeke usimjibu kwenye simu. Mwalike aje alale usiku mmoja. Ukimwambia tu “njoo ulale na mama”, atakuwa ameshapunguza ukali.

Halafu jambo ambalo wengi hulisahau: usimwondolee jiko ukamwacha mikono mitupu. Amekuja kukutia joto, hiyo ndiyo kazi yake na heshima yake. Mwachie kazi, badilisha njia. Jiko liwake barazani kama kawaida yake. Hapo achemshe maji ya kukukanda, aoteshe khanga na blanketi juu ya moto kwa mkono wake, azikunje zikiwa na moto azilete kitandani. Zile khanga zina joto tamu, mimi mwenyewe nilizaliwa nazo na nikazalia nazo. Anunue mpira wa maji ya moto kwenye duka la dawa, aujaze maji yasiyochemka, auzungushie kitenge, uwekwe miguuni kwako nusu saa kabla hujaingia kitandani. Kwenye kitanda cha mtoto mpira huo usiwekwe kabisa. Mtoto mwenyewe joto lake ni kifua chako: mvue abaki na nepi na kofia, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, mjifunike khanga mbili na blanketi. Njia hiyo hospitali zetu huitumia kwa watoto njiti, itakuwa huyo wako aliyezaliwa ametimia? Na ukisikia usingizi unakuja, mrudishe mahali pake.

Isitoshe Julai ya Dar ni nyuzi 18 au 19 alfajiri, siyo Makete. Sweta la mtumba, soksi na chupa ya chai ya tangawizi vinatosha kuishinda. Lakini hilo nalo liseme taratibu, mtu wa Rufiji nyuzi 18 kwake ni barafu.

Kuhusu kukandwa nina neno moja tu, maana sitaki ugomvi na mabibi wote wa pwani kwa wakati mmoja. Maji ayaguse kwanza kwa kiwiko chake. Ngozi ya mkono wa mwanamke aliyepika miaka hamsini haihisi moto, ya tumbo lako inahisi. Ikitokea umeungua, au mtoto ameungua, mmwagie maji safi ya bomba kwa dakika 20 nzima. Dawa ya meno, ute wa yai na asali vibaki jikoni.

Sasa hita. Mumeo ana nia njema na sitaki umvunje moyo, ila amsikilize fundi kabla ya kwenda kununua. Zile hita zimetengenezwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Ulaya na Marekani, ambako nyumba zina nyaya za kuzibeba, na hata huko zinachoma nyumba kila mwaka watu wanapoziweka karibu na mapazia na vitanda. Hita ya kutoka Marekani imeundwa kwa volti 120. Umeme wetu ni 230. Ukiichomeka bila kuangalia kibao cha nyuma, itaungua au itawaunguza. Ya kutoka Uingereza itakubali volti zetu, lakini hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampia 9 mfululizo, na sidhani nakosea nikikisia kwamba chumbani kwenu kuna soketi moja yenye ekstensheni ya vichwa vitano, ambayo ina simu mbili na feni na labda pasi. Ule waya mwembamba wa ekstensheni ya bei rahisi utachemka chini ya zulia usiku, mmelala. Na ikikesha saa nane inakula uniti 16 za Luku. Muulize mumeo hizo ni tripu ngapi. Bei ya hita inunueni mablanketi mawili mazito, na chenji inabaki.

Nimefika kwenye jambo lililoninyima usingizi nilipoisoma barua yako, na wewe umeliandika kama unapita tu njia. Uliandika barua ya mama mkwe. Mimi nimesoma barua ya ufunguo.

Mumeo anawafungia kwa nje. Wanne, kichanga mmoja, chumbani kuna moto wa mkaa, chandarua kimeshaungua mara moja, na mwenye ufunguo yuko Mbagala Rangi Tatu anasubiri abiria. Ile juzi, hicho kitambaa kibichi kisingekuwa karibu, ungetokea wapi? Chandarua ni nyuzi za plastiki, zikishika moto zinayeyuka na kudondokea godoro, na godoro la sponji likiwaka chumba kinajaa moshi mweusi kwa dakika chache sana. Madirisha yana nondo. Mlango una kufuli upande ambao huufikii. Hapo huna hata nafasi ya kufanya kosa.

Siku anazorudi mapema si nafuu sana. Pikipiki iko nyuma ya mlango wa pekee, tangi lina petroli, injini bado ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukatokea dirishani, unatambaa sakafuni. Kabureta ikivuja kidogo tu, mvuke unapita chini ya mlango na kutafuta jiko lilipo. Na moto ukianzia hapo sebuleni, umeanzia kwenye njia yenu ya kutokea.

Ninajua kwa nini anafunga. Mwizi ana sura, unamwona akija. Dar nzima tumejichomelea nondo kwa kuogopa wezi, na mimi nyumba yangu ina grili, sijifanyi malaika. Lakini mwambie mumeo kwamba grili inaweza kumzuia mwizi bila kuwazuia nyinyi. Kufuli za ndani azibadilishe na komeo nene ambalo mtu wa ndani analivuta bila ufunguo. Mlango uwekwe kitasa, yeye awe na ufunguo wake na wewe uwe na wako, akichelewa anafungua mwenyewe na hamwamshi mtu. Kama bado hajapata hela ya komeo, wiki hii ufunguo utoke chini ya mto uende kwenye msumari karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki kupitia dirishani. Kila mtu aujue ulipo gizani, na huyo wa miaka 6 pia. Fanyeni mchezo naye: taa zimezimwa, nani atafika kwenye ufunguo kwanza?

Dirisha moja la chumbani fundi wa kuchomelea alifungue nondo zake, aweke bawaba na komeo la ndani. Ni kazi ya jioni moja. Pikipiki ifungwe kwa mnyororo kwenye nondo iliyojengewa ukutani barazani, au ilale kwa jirani mwenye geti. Ikishindikana kabisa, ipoe nje kwanza, koki ya petroli ifungwe, halafu ikae kona ya mbali na mlango. Na kidumu cha petroli ya akiba, ambacho hukukitaja lakini sijawahi kuona nyumba ya bodaboda isiyo nacho, kitoke ndani leo. Hilo halina “ikishindikana”.

Unaweza kuniona nimekuwa mkali kwa mtu mpole. Lakini soko la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na lile liko katikati ya mji, kwenye barabara za lami, zimamoto wanapajua hata wakiwa wamefumba macho. Chamazi kwenu gari la zimamoto litapita wapi? Namba yao ni 114, piga bila kusita, elekeza kwa msikiti au shule au nguzo kubwa kwa sababu nyumba nyingi huko namba hazionekani, na mtume kijana mmoja na tochi akawasubiri barabara kubwa. Ila dakika za mwanzo ni za kwenu wenyewe, na mkizitumia kutafuta ufunguo zimekwisha. Chumba kikijaa moshi, mtambae. Hewa ya kuvuta iko chini, karibu na sakafu. Mtoto abebwe kifuani, msirudi kuchukua kitu.

Mambo madogo nayapitia haraka. Dawa ya mbu ya kuchoma, kama mnaitumia, iwe juu ya sahani ya bati sakafuni, siyo kwenye stuli ya plastiki chini ya pazia. Mtungi wa gesi ufungwe kichwani kila mkimaliza kupika. Ukisikia harufu yake usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima, fungua milango kwanza. Mafuta ya maandazi yakishika moto funika sufuria na mfuniko, usimwage maji. Na majivu ya jiko la jioni, huu upepo wa kusi unayafufua hata saa sita baadaye, yamwagiwe maji kabla hayajatupwa, na yasitupwe kwenye ndoo ya plastiki.

Usiku wa leo, baada ya hospitali, mama mkwe akilitazama jiko lake lililobaki barazani kwa jicho la huzuni, nenda ukakae naye hapo nusu saa. Muulize habari za kina mama aliowakalia. Mwache akuoteshee khanga.

Kisha mumeo akirudi, msomee kipande cha ufunguo. Cha mama yake si lazima akisome. Nataka uniandikie tena wiki ijayo, mistari miwili tu: vichwa vinaendeleaje, na msumari mmeupigilia wapi.

Shangazi